Mafunjo ya Nikodemu

Pale Mwandiga, nyuma ya maduka, kuna shimo walilolichimba wajenzi wa barabara ya lami walipokuwa wakitafuta kifusi. Barabara ilipokwisha waliondoka na matingatinga yao, shimo wakaliacha, mvua zikalijaza. Wengine tuliona mbu tu. Nikodemu, mkulima wa mihogo mwenye shamba jirani, aliona bata pori kumi na wanne wakishuka asubuhi moja, na tangu siku hiyo mkewe Elida akawa anasema ameletewa mke mwenza mwenye manyoya.

Akishika jambo, Nikodemu ameshika. Alipanda miti ukingoni, akabeba mizizi ya mafunjo kwa baiskeli kutoka bonde la Luiche. Wakaja yangeyange, akaja mdiria, wakaja vyura wa kelele zisizo na adabu. Mwaka mmoja alionekana hata fisi maji. Serikali ya kijiji ikampa karatasi yenye muhuri: hifadhi.

Karatasi ile ilimlewesha. Akapiga marufuku kukata hata shina moja. Verediana, mjane aliyekuwa akikata mafunjo pale kila wiki asuke mikeka, alinyang'anywa panga na kusimamishwa mbele ya mkutano aombe radhi. Mwanamke mzima, anaomba radhi kwa ajili ya majani. Tulicheka, na mpaka leo naona haya.

Miaka minane ikapita. Mafunjo yalisogea kutoka kila upande hadi yakakutana katikati. Bata wakawa wanazunguka juu mara mbili tatu, kisha wanaelekea ziwani. Nikodemu alilaumu watoto wenye manati, akalaumu muziki wa baa.

Mwaka huu kijiji kikataka stendi ya bajaji mahali pale penye shimo. Ikaamuliwa kamati ije baada ya siku kumi: ikikuta ndege wa maji, hifadhi ibaki, isipowakuta, shimo lifukiwe. Yunisi, binti wa ofisi ya mazingira, alitangulia kuja kuangalia. Alitazama kwa muda mrefu.

"Shikamoo, mzee. Zamani nani alikuwa anakata hapa?"

"Hakuna. Nimezuia."

"Kabla hujazuia."

Nikodemu akamtajia Verediana.

"Bata anataka maji wazi apate pa kutua," Yunisi akasema taratibu. "Aliyekuwa anakata ndiye aliyekuwa anamfungulia."

Siku hiyohiyo Nikodemu akaenda kwa Verediana, akamkuta anapanga mafungu ya nyanya.

"Mwakeye, Verediana."

"Mwakeye, baba. Karibu, keti."

Akamwomba aje na wenzake, wakate wanavyotaka.

"Nilishaacha kusuka, baba. Mikono imesahau. Watu wenyewe siku hizi wananunua mikeka ya plastiki." Akampa nyanya mbili za kupeleka nyumbani. "Kinyongo sina."

Na kweli hakuwa nacho. Nikodemu aliona afadhali angetukanwa.

Akaingia majini peke yake, na miaka yake sitini na nane. Kwa siku zilizobaki alifungua eneo la ukubwa wa chumba cha kulala tu. Kamati ilipofika ilizunguka shimo zima bila kuona hata unyoya.

"Mzee, ndege wako wapi?" mwenyekiti akauliza.

"Niliwafukuza. Mimi mwenyewe."

Wakadhani ni uchungu unamsemesha, wakaandika yao.

Ijumaa kipaza sauti kikatangaza: anayetaka mafunjo akachukue kabla shimo halijafukiwa. Cha bure nani atakikataa? Walikuja na mapanga, huyu anataka kuezeka banda la mbuzi, yule uzio wa choo, mwingine anakata kwa sababu jirani amekata. Jioni maji yalikuwa wazi, ukingo kwa ukingo.

Jumamosi asubuhi bata wakashuka. Walikuwa sita. Nikodemu alisimama akilia waziwazi, wala hakujifuta.

Saa mbili lori la kwanza la kifusi likaanza kurudi kinyumenyume kuelekea ukingoni. Akalikimbilia, akagonga mlango.

"Shikamoo, mzee," dereva akasema.

"Subiri kidogo, mwanangu. Tazama, wamerudi."

Dereva akazima injini, akatoa kichwa dirishani, akawatazama kwa makini.

"Wazuri," akasema. "Lakini leo nina tripu ishirini, mzee. Naomba usogee."

Nikodemu akasogea.