Dawa ya Mti wa Uani Kwetu

Nyumba tuliyonunua mtaa wa Kensington ilikuwa na mti mmoja mkubwa uani, na hakuna aliyetuambia jina lake. Mume wangu aliuita mti wa mapepeo, kwa sababu kila jani lilikunjuka kama pepeo la mkononi. Kiswahili alikipata Morogoro alipokuwa kijana uhamishoni, na huko ndiko alikonioa kabla ya kunileta kwao, kusini kabisa mwa bara, ubaguzi wa rangi ulipokwisha. Sisi wawili tulizungumza Kiswahili. Binti yetu, aliyezaliwa hapa, alikielewa chote na kutujibu kwa Kiingereza.

Kila mwaka baridi ilipokaribia majani yaligeuka manjano, kisha yakadondoka karibu yote kwa mpigo. Pamoja nayo zilianguka kokwa zenye nyama laini inayonuka kama siagi iliyochacha. Jirani alilalamika, na mimi nilimwona ana haki. Nilitaka mti ukatwe.

Siku moja akabisha hodi bibi wa Kichina mwenye duka la vyakula vikavu huko Cyrildene. Alikuwa ameuona mti kutoka barabarani, na alikuja na glavu na mfuko wa plastiki. Aliomba aziokote zile kokwa. Nilimwambia azichukue zote. Alipomaliza alinionyesha namna ya kuziosha bila kugusa ile nyama, maana inawasha ngozi, na namna ya kuzipasua na kuzichemsha. Alinionya nisizile mbichi kamwe, na hata zilizopikwa nile chache tu, maana zikizidi ni sumu, hasa kwa watoto. Kwao, alisema, mama yake alizitia kwenye uji wa mchele kwa mtu mwenye kikohozi na pumu. Ndiye aliyetutajia jina la ginko. Tangu hapo alikuja kila msimu, na suala la kukata mti likafa lenyewe.

Halafu msimu mmoja wa joto, ambao huku ndio wa mvua, katika zile mvua za alasiri zinazokuja na ngurumo, radi iliupiga. Shina lilipasuka kutoka kwenye panda hadi usawa wa kiuno, gome likawa jeusi. Mkata miti tuliyemwita aliuzunguka, akasema kilichobaki ni kuukata na kung'oa kisiki.

Wakati huo mume wangu alikuwa ameanza kusahau. Alikuwa akisimamisha gari kwenye robot, yaani taa za barabarani, kijani kikawaka, naye akabaki ametulia huku watu wa nyuma wakipiga honi. Alikuwa akiniuliza jambo, nikamjibu, akaniuliza tena kwa adabu ileile. Lakini siku hiyo alitoka ndani, akaweka kiganja kwenye shina lililoungua, akasema, "Umepigwa. Haujafa. Uacheni."

Tukakata matawi yaliyovunjika tu. Binti yetu alisoma kwenye simu kwamba katika mji wa Japani uliopigwa bomu la atomu, miti kadhaa ya aina hii iliungua, kisha ikachipua tena. Alimsomea baba yake. Baba aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa habari za mwenzake wa zamani.

Na kweli, mwezi wa Septemba machipukizi yalitoka palepale kwenye gome lililoungua, madogo, ya kijani mbichi, yamekunjika.

Mwezi huohuo daktari akatutajia ugonjwa wa mume wangu, akasema hauponi. Jumamosi iliyofuata binti yetu alifika kutoka Randburg anakoishi, na boksi la vidonge. Lilikuwa na picha ya jani letu. Alisema watu wengi wanavitumia kwa ajili ya kumbukumbu, na mti wenyewe tunao nyumbani, tungekosaje kujaribu? Sijawahi kumwona ana matumaini kiasi kile.

Mume wangu alikuwa anatumia dawa ya kuzuia damu isigande, tangu moyo ulipomsumbua. Kwa hiyo sikulifungua lile boksi. Tulilipeleka kwa mfamasia wa barabara kuu, mume wangu anakochukulia dawa zake. Alituketisha pembeni. Alisema ginko pamoja na dawa ile vinaweza kumfanya avuje damu, hata ndani ya kichwa. Kuhusu kusahau, alisema hakuna uthibitisho kwamba ginko inauzuia ugonjwa huo. Akaongeza kwamba tusimchemshie hata majani ya uani.

Tuliporudi, binti yetu hakushuka garini. Nilikaa naye. Akasema, kwa Kiswahili, "Nilitaka tu nifanye kitu, Mama."

"Najua, mwanangu. Baba yako bado anapenda kukaa na mtu. Njoo ukae naye."

Alianza kuja kila Jumamosi. Waliweka viti chini ya mti, ambao sasa ulikuwa na kivuli chembamba upande mmoja. Kiingereza kilikuwa kimeanza kumtoka mume wangu. Kizulu chake cha utotoni na Kiswahili chetu vilibaki. Mara nyingi alimdhani binti yetu ni mgeni aliyewasili Morogoro juzi, akamfundisha kuomba maji, kuuliza njia, kushukuru. Binti alipokosea, baba alimsahihisha kwa upole. Binti hakumwambia, "Baba, ni mimi." Alirudia neno mpaka likanyooka. Nikiwasikia kutoka jikoni nilikuwa nikizima redio, na mara nyingine nililia, si kwa uchungu mtupu.

Mume wangu alifariki wakati wa baridi, akiwa amelala. Tulimzika kwa desturi za kwao. Tuliporudi kutoka makaburini kulikuwa na beseni getini, maji yenye vipande vya mshubiri, na kila mmoja alinawa kabla ya kuingia. Bibi wa Cyrildene hakuwahi kuiona desturi hiyo. Alimtazama aliyemtangulia, akakunja mikono ya koti lake jeusi, akanawa.

Matanga yalipokwisha, wifi zangu waliniita sebuleni. Waliniuliza kwa heshima kama sasa nitarudi kwetu Tanzania, wakasema wangenisindikiza. Niliwashukuru. Nikawaambia kaburi la mume wangu liko hapa, na mtoto wangu yuko hapa. Mkubwa wao akauliza nitaishije peke yangu katika nyumba ile.

"Sijui bado, wifi," nikamwambia. "Nitajifunza."

Akanishika mkono, akaenda kubandika maji ya chai.