Tishu ya Mwenyekiti

Wengi hudhani sodo zikishafika shuleni, wasichana wamezipata.

Sivyo.

Katika shule yetu hapa Ngara, zimejaa kabatini. Ufunguo anao naibu wa mwalimu mkuu, mwanamume, na msichana akihitaji sodo lazima abishe mlango ajieleze. Wiki jana binti wa Gredi ya Nane aliacha mtihani akaenda nyumbani, kuliko kujieleza.

Leo bodi ya shule ilikutana. Mimi, mwalimu mstaafu na mwanabodi, nimelisema jambo hili mpaka nimechoka. Kwa hivyo nilifika mapema, nikatoa tishu zote kwenye choo cha wanaume, nikamwomba naibu azifungie katika kabati hilo hilo. Alidhani ni za akiba.

Baada ya chai, mwenyekiti wetu akatoka. Akarudi upesi, akitembea kwa uangalifu sana.

“Mwalimu, huko hakuna tishu.”

“Iko kwa kabati, Mzee. Mwambie naibu unaitaka ya nini.”

“Mbele ya hawa watu wote?”

“Wasichana wetu husemea wapi?”

Kisha mama mweka hazina akaangua kicheko, na chumba kizima kikamfuata.

“Naibu, leta huo ufunguo!” mwenyekiti akasema. “Sodo zote ziende choo cha wasichana, leo. Lakini kwanza, ndugu yangu, tishu!”

Kufikia saa sita sodo zilikuwa chooni, wazi kabisa. Nilimwona binti yule akiingia, akitoka, akirudi darasani. Hakuna aliyemuuliza kitu.

Mtoto wako akirudi leo jioni, muulize sodo za shule yao hukaa wapi.