Salamu za Baba Mdogo Sadiki

Barua za vita zilinuka sambaza. Wanawake waliovuka daraja la Rusizi kutoka Bukavu walizificha vikapuni, chini ya hao samaki wadogo waliokaushwa, na harufu iliingia kwenye karatasi isitoke tena. Msimu ule wa mvua, nikiwa mtoto wa kike hapa Kamembe, upande wa Rwanda, harufu hiyo ikifika uani kila mtu aliacha kazi yake. Baba mdogo Sadiki, fundi cherehani, alikuwa amebaki ng'ambo vita vilipofunga njia kwa wanaume. Barua tu ndizo zilizotuambia kwamba bado yuko hai.

Msomaji alikuwa babu. Aliwahi kuwa konseye, yaani diwani wa mtaa, na watu walisema ulimi wake aliurithi kwa babu yake, msemaji wa wafanyabiashara mbele ya wakubwa zamani za misafara. Baada ya sala ya alasiri alisimama barazani, majirani wakajaa, akasoma kwa sauti ya mkutano wa hadhara. Nusu ya barua ilikuwa salamu: kila mtu kwa jina lake, hata mtoto anayenyonya. Asiyetajwa alinuna wiki nzima.

Siku moja babu alifungua barua, akaipitia kwa macho, kisha akaanza. Salamu kwa sheikh. Salamu kwa wazee wa mtaa. Salamu kwa akina mama wote wa Kamembe.

"Eh Mzee, unasoma barua ao unaomba kura?" jirani mmoja alimtania. Watu wakacheka.

Bibi, ambaye hakujua kusoma hata herufi moja, hakucheka. Aliweka chini ungo wa mchele.

"Mzee, Sadiki anaanzaga na mimi."

"Leo amebadilisha, Mama Sadiki. Batoto banakua."

"Anaanzaga na mimi. Nani ameandika hii barua?"

Babu aliikunja karatasi taratibu, akaketi sakafuni karibu na mkewe, na hapo ndipo tulipojua. Barua ilitoka kwa jirani wa Sadiki kule ng'ambo; zile salamu babu alizitunga mwenyewe. Walikuwa wameshamzika Sadiki.

Leo vita vimerudi ng'ambo. Juzi binamu yangu alifariki huko, na habari ilinikuta sokoni: mstari mmoja kwenye simu, basi. Nilisimama katikati ya watu wanaopatana bei ya nyanya, nikatamani mtu wa kunipenda kiasi cha kunidanganya, hata kwa dakika moja.