Wagonjwa wa Miguu Sita

Bi Gundi hakuwa na shahada hata ya kuazima, lakini hapakuwa na profesa pale chuoni aliyesoma tasnifu nyingi kumshinda. Jina hilo alibandikwa na wanafunzi kwa sababu ya vidole vyake, vilivyokakamaa kwa gundi tangu ujana wake, naye hakulikataa. Chumba chake kilikuwa chini ya ngazi za maktaba: meza, kibano cha mbao, sindano, nyuzi, na kidirisha kilichoonyesha viatu tu vya wasomi wakipita. Kwa miaka thelathini na moja, kila utafiti ulishuka humo kuvishwa jalada.

Na kila ulioshuka aliusoma. Kwikwi za watoto wachanga. Nyufa za saruji. Namna wanakwaya wanavyovuta pumzi. Minyoo ya mbuzi, juzuu mbili nzima. Wenye kazi hizo wakipishana mlangoni hawakusalimiana: mtu wa minyoo alimwona mtu wa kwaya mpiga porojo, na mtu wa kwaya alijiziba pua. Tasnifu zao zililaliana tumbo kwa mgongo, na kibano hakikuuliza ipi ya sayansi na ipi ya nini.

Jioni, wakila, alimhadithia mumewe, fundi bomba.

"Leo kuna nini?"

"Nyufa za saruji."

"Hiyo nipe polepole, mke wangu. Kesho nina ukuta unaovuja."

"Mbona juzi kwikwi hukuitaka?"

"Kwikwi haivuji."

Sasa, kosa lilitoka hukohuko kwenye kusoma. Siku moja aliletewa tasnifu mbili zilizochapwa duka moja, karatasi ileile, herufi zilezile. Moja ilihusu foleni za wagonjwa hospitalini, nyingine njia za sisimizi. Zilikuwa kama ndugu wasiojuana, akawa anazisoma sambamba, sura kwa sura, akicheka peke yake. Alipokuja kushona, sura ya nne ya sisimizi ikaingia kwa wagonjwa, na ya wagonjwa ikaingia kwa sisimizi. Ile ya wagonjwa ikapelekwa kwa watahini watatu. Wakaisoma, au walisema wameisoma, wakaipa alama za juu kabisa. Siku tatu baadaye, akiikagua ya sisimizi kabla ya kuitoa, Bi Gundi akakuta humo wauguzi na vitanda. Akapanda ngazi mwenyewe kwenda kusema, akarudishiwa ile ya wagonjwa ikiwa na maandishi ya watahini pembeni.

Alipoitwa juu, mkuu wa kitivo alikuwa na karatasi tayari mezani.

"Mama, chuo kinakuheshimu sana."

"Ukianzia hapo, mwanangu, basi nimeshafukuzwa."

"Hufukuzwi. Weka saini tu. Kwanza, kosa ni lako. Pili, kuanzia leo utashona bila kusoma. Ukikataa, chumba anapewa mtu mwenye mashine. Mashine haisomi."

Bi Gundi akaisoma karatasi taratibu mpaka nukta ya mwisho, mkuu akimwangalia kana kwamba hata hilo ni kosa. La kwanza halikumchoma, ni kweli. Lakini kushona bila kusoma! Heri wangemwambia mpishi apike kashonwa mdomo.

"La kwanza nakubali, na wenyewe nimewaomba radhi wote wawili. La pili sisaini."

"Mama, kusoma ndiko kulikokuponza."

"Na kusoma ndiko kulikowafichua. Hebu niambie, ukurasa wa tisini na mbili, mgonjwa anafanya nini?"

Mkuu akasawazisha kalamu zake.

"Anamgusa mwenzake kwa papasi zake za kichwani," Bi Gundi akamjibia. "Halafu anashika njia kwa miguu yake sita. Pembeni mtahini kaandika kwa wino mwekundu, 'Uchunguzi makini.' Mwandiko huo ni wako."

Kisha mkuu akashusha sauti. "Basi ishone upya. Taratibu tu, yasifike mbali."

"Nitaishona. Lakini sipitishi uzi kwenye sura ambayo haijasomwa na walioipitisha. Njooni kesho asubuhi, nyote watatu. Mkiona uvivu, mleteni huyo wa mashine, nami nitawaeleza wanafunzi kwa nini kaja."

"Unanitisha?"

"Mimi? Mimi mshona karatasi tu, baba."

Asubuhi wakashuka, mmoja nyuma ya mwingine. Kigoda kilikuwa kimoja, akakalia mzee wao; wawili wakaketi juu ya minyoo ya mbuzi, kila mmoja na juzuu yake. Wakasoma foleni ya kweli, ya wagonjwa wa miguu miwili. Bi Gundi akaikata ile karatasi ya mkuu isiyo na saini, aliyoondoka nayo jana, akaipaka gundi, akaimarishia nayo mgongo wa jalada jipya.

Kwenye ukurasa wa tisini mkuu akaziweka kurasa kando, akaanza kuinuka.

"Nimeshapata picha, mama."

"Picha hazimo," akasema Bi Gundi, akitia uzi sindanoni. "Zimebaki kurasa ishirini. Kaa, mwanangu, usome."