Vivumishi vya Jikoni kwa Mama

Harufu ya pilipili hoho nyekundu zikiungua ngozi ndiyo Guangzhou yangu. Mama alizichoma jikoni kwetu Xiaobei, madirisha wazi, magari ya Huanshi Zhonglu yakipiga honi chini. Baba, mfanyabiashara wa Dar, alimwoa mama huko Masedonia alikokwenda kusoma ujanani, na mama alinifundisha lugha yake kwa chochote kilichokuwa mezani. Kisu kikubwa ni golem nož, pilipili kubwa ni golema piperka, tofaa kubwa ni golemo jabolko. Ukitaka kusema tofaa lile, mkia -to unaning'inizwa kwenye kivumishi, maana ndicho kinachotangulia: golemoto jabolko. Wazungu wenzake walisema ni lugha ngumu. Ngumu wapi? Mtoto aliyezoea mti mkubwa na kiti kikubwa atashangaa nini? Kila Jumapili nilimpelekea bibi mzaa mama maneno yangu mapya kwa simu, naye alicheka mpaka akakohoa. Hakujua lugha nyingine yoyote.

Kisha mwalimu wangu wa Kiingereza akamwambia baba kwamba lugha nyingi zinanichanganya. Nilikuwa nimetia alama ya wingi kwenye vivumishi vya Kiingereza, ambavyo havibadiliki. Hata Kiswahili kingeweza kunikosesha vivyo hivyo, lakini kilichohukumiwa ni Kimasedonia peke yake. Baba alirudi kutoka kupakia kontena bandarini Huangpu, hakuvua hata viatu.

"Mama Zuhura, hiyo lugha yenu sasa basi. Itamsaidia nini? Hapa ni Kiingereza na Kichina."

"Na mama yangu ataongea na nani?"

"Wewe si upo?"

Huyu ndiye baba aliyenihubiria kutwa kwamba mkataa kwao ni mtumwa! Kumbe kwao ni upande wake tu. Hasira ile ninayo mpaka leo. Tangu siku ile mama akawa anapika kwa Kiswahili. Mwaka uliofuata bibi aliniuliza jambo kwenye simu, nikasikia sauti tu bila maana, nikampa mama simu. Bibi alifariki majira yale ya baridi.

Siku hizi baba yuko Dar, na lugha nyingi zimekuwa fahari ya kila mzazi. Juzi nilipomtembelea aliwaambia wageni, "Huyu binti yangu ana lugha nne, hata Kimasedonia anacho." Wakaniomba nizungumze kidogo. Niliwajibu, baba akinitazama, kwamba niliyekuwa nikizungumza naye alikufa akingoja nimjibu.