Simu ya Kuongelea Nje

Kwenye duka langu la tochi na redio pale Kikuubo, uchochoro wa maduka katikati ya Kampala, hakuna kitu kinachotoka bila kujaribiwa. Mteja akichagua tochi, natia betri, nawasha, namulika ukutani, ndipo analipa. Balbu naichomeka kwenye soketi inayoning'inia juu ya meza. Redio inaimba kwanza. Kikuubo nzima tunafanya hivyo, kwa sababu bidhaa ikishavuka mlango hairudi, na mteja analijua hilo kama sisi. Nilikuja Kampala na mume wangu kutoka Kisumu miaka michache baada ya vita vya Uganda kwisha, na hiyo ndiyo sheria ya kwanza niliyofundishwa hapa, hata kabla sijajua kusalimia kwa Kiganda. Naieleza mapema kwa sababu nimechoka kuambiwa kwamba tulionunua hisa za simu za setilaiti tulikuwa wajinga. Hatukuwa wajinga. Tulijaribu kwanza.

Tulikuwa na chama cha wanawake wa Kikuubo: Wakenya kama mimi, Waganda, na rafiki yangu mmoja Mkongo aliyeuza vitenge mlango wa pili. Jumapili baada ya ibada tulikutana kwenye flati yangu Bukoto. Kila mmoja anatoa, mmoja anapokea, na zamu ya mtu haiguswi. Ukifiwa, ukiibiwa, utachangiwa pembeni, lakini zamu ya mwenzako huigusi. Iliyokuwa inafuata ilikuwa zamu ya huyo rafiki yangu, na sote tulijua fedha ile ni ya nini. Mama yake alikuwa Kivu, peke yake, katika mji ambao wanajeshi hawa walikuwa wakitoka na wale wakiingia. Ilikuwa fedha ya kumtoa: nauli ya lori, watu wa mpakani, chumba cha kumweka. Godoro alikwisha kulinunua. Lilikuwa limesimamishwa nyuma ya vitenge, bado limefungwa nailoni.

Ndipo akaja wakala. Mkenya mwenzangu, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Alivaa shati jeupe na viatu ambavyo tope la Kikuubo lilikuwa haliviwezi. Aliuza hisa za kampuni ya ng'ambo iliyorusha setilaiti zake angani. Wakati huo simu za mkononi ndiyo kwanza zilikuwa zinaanza kuonekana mjini, mikononi mwa wakubwa. Alituambia hizo ni za kupita, zinahitaji minara, na nani atajenga minara kule Kongo? Yetu inahitaji anga tu. Wafanyabiashara wote wa dhahabu na kahawa watainunua, na anayeingia mapema ndiye atakayekula. Alitaka fedha yote ya chama, na aliitaka mwezi ule ule.

Tulimwambia zamu haiguswi. Akatabasamu. Kisha mama mmoja Mganda, muuza sufuria, akamwambia, "Ssebo, sisi hapa tunajaribu kwanza. Reta hiyo simu tuone."

Nadhani alikuwa akisubiri maneno hayo tangu alipoingia.

Kikuubo simu ilikataa. Pale mbingu huzioni kwa maturubai na marobota. Wakala hakushtuka, alisema ndani haisikii, inataka kuona anga. Akatukodia gari hadi Luzira, tukapita gereza, tukasimama ufukweni kwenye nyasi, ziwa mbele yetu na juu hakuna kitu. Alikuwa amekwisha kumuuliza rafiki yangu jina la mji wa mama yake, na kule alikuwepo mnunuzi wa kahawa mwenye simu kama hiyo. Mama alikuwa ameitwa, yuko uani kwa mnunuzi huyo, anasubiri. Wakala akainua antena, nene kama ndizi ya gonja, akabonyeza, akampa rafiki yangu. Sote tukasogeza vichwa.

"Mama? Ni miye."

Jibu lilichelewa, kwa sababu sauti ilikuwa inapanda hadi kwenye setilaiti na kushuka, wakala alitueleza baadaye. Kisha ikaja, nyembamba lakini safi.

"Nakusikia, mwana wangu. Ni weye kweli?"

"Ni miye, mama. Uko unakula?"

"Niko. Utakuya siku gani?"

Rafiki yangu akapiga magoti akilia, na sisi tukalia. "Banange, inaongea kweri!" muuza sufuria alipiga kelele. Wakala akaichukua simu taratibu, na maneno aliyosema nayakumbuka yote.

"Mama, sikiliza. Kila Jumapili uje hapo ukae nje, mahali hakuna paa. Ndani simu haisikii. Mtoto wako atakupigia, umenielewa?"

Palepale rafiki yangu aliitoa zamu yake mwenyewe. Kwa nini asitoe? Alimsikia mama yake. Aliahidiwa kwamba fedha itazaa upesi, amlete kwa gari zuri, si juu ya magunia ya lori. Nasi wengine tukafuata, kila mmoja na akiba yake. Bidhaa ilikuwa imewashwa mbele ya macho yetu, ikawaka. Hakuna aliyekumbuka kwamba simu hatukuinunua. Tulinunua kampuni, na kampuni huwezi kuitia betri ukamulika ukutani. Yule mtu aliijua sheria yetu, akaja akaitumia kutuibia.

Haukupita muda mrefu vilima vya Kampala vikaanza kuota minara. Vijana wakaanza kuuza kadi za simu barabarani. Kampuni yetu ikaanguka huko huko ng'ambo, na ile simu ya mnunuzi wa kahawa ikanyamaza. Wakala alipita dukani kwangu mara moja, kunituliza. "Mama, biashara ni biashara. Simu si ilifanya kazi?" Nilimrushia tochi. Ilimkosa, na mpaka leo inanikera kwamba ilimkosa. Wanasema setilaiti zenyewe hazikuanguka. Zilibaki zinazunguka, fedha ya lori na chumba ikipita juu ya vichwa vyetu, na sisi chini tunauza balbu.

Mama alikuja Kampala baada ya miaka, wakati rafiki yangu alipokwisha kujikusanya tena. Mama mwenyewe ndiye aliyetusimulia. Mnunuzi wa kahawa alimwambia simu imekufa. Hakumwamini, kwa sababu yule bwana wa Kampala alimwambia mwenyewe simuni kwamba mtoto atapiga. Kila Jumapili baada ya misa alikwenda akakaa uani, juani au mvuani. Jumapili moja mabomu yakaanza kuanguka mjini. Wenzake walikimbilia ndani wakamwita. Yeye alibaki pale pale, kwa sababu ndani simu haisikii. Sikio la kulia halikurudi tena, na la kushoto linasikia kidogo. Aliyasimulia hayo bila kulalamika, akimenya viazi, na mimi ilibidi nitoke nje nikapige teke ndoo.

Siku hizi anashinda kwenye benchi mlangoni kwangu, mahali panapoonekana kipande cha anga kati ya maturubai. Mwaka jana mwanamume mwenye mvi aliingia kununua balbu. Nilimjua kwa viatu kabla ya uso. Yeye hakunijua. Nilikuwa nimechomeka balbu yake kwenye soketi, inawaka vizuri, simu yake ilipolia mfukoni. Alipoiweka sikioni, mama alimwona. Akainuka kwenye benchi, akamshika mkono wa shati kwa upole, kama anavyomshika kila mtu.

"Kuya inje, mwana. Mu nyumba haisikie."

Akacheka. Alicheka vizuri tu, bila ubaya, kwa sababu hakukumbuka chochote. "Mama, simu inaongea hata ndani. Nani alikudanganya?"

Mama alimgeuzia sikio la kushoto ili arudie, naye akarudia kwa sauti kubwa zaidi. "Nani alikudanganya?"

Nilizima balbu, nikaichomoa ikiwa bado ya moto, nikairudisha kwenye boksi lake. Nilimwambia duka limefungwa. Ilikuwa saa nne asubuhi.