Mafundo Saba kwenye Kisiki cha Kalimawe

Niliondoka Same Jumamosi kwa sababu ya kamba. Mjomba wangu Eliamini, mwalimu mstaafu wa useremala anayeishi Bombo, kule milimani, aliunda kwa mikono yake mashua ndogo ya tanga ya kutembelea tu katika bwawa la Kalimawe. Havui samaki, habebi mzigo. Anafuata upepo, basi. Goti lilipomsumbua aliniachia mimi. Kiangazi, maji yakiwa yamerudi nyuma sana, niliivuta mpaka mwisho wa tope na kuifunga kwenye kisiki kwa kamba fupi, mafundo saba. Moja lingetosha, lakini nilifikiria upepo, kisha wezi, kisha watoto, na kila wazo likaongeza fundo.

Sasa mvua ilikuwa imenyesha milimani wiki nzima, na mjomba alikuwa amenitumia ujumbe: goti limepona, Jumapili baada ya ibada anateremka kupanda mashua yake. Maji yakipanda na kamba isiporefuka, pua ya mashua huvutwa chini mpaka izame. Hilo nililiwaza saa tisa usiku, miezi mitatu baada ya kufunga.

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa stendi. Kondakta alinitazama. "Msomi, mbona unayakodolea mawingu hivyo, yamekukosea nini?" Nilipanda basi, nikakaa dirishani.

Baada ya kijiji cha Kisiwani, kila korongo tulilovuka lilikuwa na maji mekundu, na yote yalikwenda nilikokuwa ninakwenda. Nilijaribu kujitetea moyoni. Mimi nimekulia kando ya ndiva, bwawa letu dogo la kumwagilia mashamba kule mlimani. Ndiva hujaa usiku, maji yakafika ukutani yakasimama, asubuhi yakafunguliwa kwa zamu. Nilidhani maji yote yanajua pa kuishia. Bwawa la tambarare halina adabu hiyo: likipanda kimo cha goti, linameza uwanja mzima.

Kituo cha Ndungu nilishuka kwenye basi, nikapanda bodaboda. Tulipofika bwawani nilitafuta kisiki, sikukiona. Migunga niliyokuwa nikipumzika chini yake kiangazi ilikuwa imesimama majini mpaka kiunoni. Mashua haikuwapo.

Mzee mmoja wa Kimaasai alikuwa akinywesha ng'ombe pale.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye wa mafundo?"

Nilikiri. Alijitambulisha kuwa Saibulu, akacheka mpaka akaegemea fimbo.

"Juzi pua ilianza kunywa maji. Nikafungua fundo la kwanza. La pili. La tatu, kucha ikavunjika. Nikasema, kijana huyu amefunga mashua au amefunga ndoa? Nikakata kwa sime."

"Iko wapi, mzee?"

Alinyoosha fimbo kuelekea bomani kwake. Ndani ya zizi la ndama, mashua ya mjomba ilikuwa imelala kifudifudi, kavu, nzima, ndama mmoja akiilamba ubavu. Niliishika kwa mikono miwili.

"Hata ng'ombe mkorofi hafungwi hivyo," Saibulu alisema. "Simba akija, ng'ombe utamfungua saa ngapi?"

Nilimpigia mjomba simu nikamweleza yote, fundo kwa fundo.

"Kamba tutapata nyingine. Upepo ukoje?"

"Sijaangalia, Mjomba."

"Umetoka Same mpaka Kalimawe hujaangalia upepo? Ishushe majini, uniangalizie. Ule ubao unaoshuka chini ya mashua upandishe nusu, kuna miti imezama."

Saa saba mchana, Saibulu na vijana wake wawili walinisaidia kuibeba. Nilimkaribisha apande. "Mimi bado nina ng'ombe wa kulea," alisema, akabaki nchi kavu. Kiangazi ningesukuma mashua kwenye tope mpaka jasho linitoke. Siku hiyo tanga lilishika upepo palepale kwenye migunga. Mahali fulani ubao uligusa kitu, ukakikwaruza, ukapita. Nadhani nilikisalimia kisiki changu.

Saa kumi jioni niliifunga mashua kwenye mgunga ulio juu zaidi, kwa kamba ndefu ya Saibulu, fundo moja. Alivuta ncha, likafunguka mara moja.

"Vizuri. Funga tena."

Siku zote nilidhani kufunga vizuri ni kuhakikisha kitu hakisogei. Kumbe ni kukiachia nafasi ya kupanda na maji, na fundo ambalo mtu mwingine anaweza kulifungua wewe ukiwa mbali.

Njiani kurudi, karibu na Kisiwani, mvua ilianza kupiga vioo vya basi. Ilikuwa kubwa. Nilimtumia mjomba ujumbe, "Upepo ni mzuri," kisha nikalala mpaka Same.